Mti wa maua tuliokuwa nao uani, tukaukata

 

Juma lililopita nilipata swali kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa Ukunda, mama wa watoto watatu. Alikuwa ameona katika simu ya bintiye picha ya mti mfupi uliojaa maua ya rangi ya waridi, hata matawi yenyewe hayaonekani. Chini ya mti palikuwa na benchi, na nyasi zimetapakaa maua yaliyoanguka. Binti alimweleza kwamba huo ni mti wa jamii ya matufaha, unaopandwa katika nchi za ng'ambo kwa ajili ya maua wala si matunda. Basi mama huyu akaniuliza: "Je, naweza kuupanda huku kwetu? Nina nafasi ya futi 30 mbele ya nyumba, na nimechoka kutazama ukuta."

Swali zuri. Jibu lake nalijua kuliko ninavyopenda, kwa sababu nililinunua kwa pesa zangu mwenyewe. Keti basi, nikusimulie.

MTI UNAOHESABU BARIDI

Mti ule wa pichani ni ndugu wa mtufaha unaozaa matunda tunayouziwa madukani. Tofauti ni kwamba matunda yake ni madogo sana, aghalabu hayazidi sentimita tano, tena ni makali kama ndimu. Watu wa kwao huyapika jamu, au huwaachia ndege. Asili yake ni Asia, Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na wapenda bustani wa huko wamechagua na kuzalisha aina nyingi mno: nyeupe, waridi, nyekundu, ndefu na fupi.

Sasa sikiliza siri yake. Mti huu hulala. Majira ya baridi yakikaribia, hupukutisha majani yote na kufunga machipukizi yake ya maua kama mtu anayefunga duka usiku. Haufungui tena mpaka uhakikishe kwamba baridi imekuja na imekwisha. Huhakikishaje? Huhesabu. Aina nyingi zinahitaji kiasi cha saa 500 hadi 1,000 za baridi ya kati ya nyuzi sufuri na nyuzi 7 za Selsiasi. Hesabu ikitimia na jua likarudi, maua hufumka yote kwa pamoja. Ndiyo sababu picha zake zinapendeza vile.

Je, hapa kwetu Diani kuna baridi hiyo? La hasha. Tuko nyuzi 4 hivi kusini mwa Ikweta, tena kando ya bahari. Hata mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma na watoto wakadai sweta, kwa kawaida usiku haushuki chini ya nyuzi 20. Ukiupanda mti huo hapa, utakuwa kama abiria anayengoja meli mahali pasipo na gati. Kungoja atangoja, lakini meli haiji.

Huko bara kuna wakulima wanaopanda matufaha ya kula katika miinuko yenye baridi, wakitumia aina zilizozalishwa ili zisihitaji baridi nyingi, kama ile iitwayo Anna iliyotoka Israeli. Wengine huchuma majani yote kwa mkono ili kuudanganya mti udhani kwamba umeshalala. Lakini Nyeri si Msambweni, na anayejaribu kuileta Nyeri ufuoni atajuta.

Mimi nilijuta. Mwaka wa 2019 nilinunua miche miwili ya miti hiyo ya maua kwa mwuzaji mmoja, shilingi 1,500 kila mmoja. Aliniapia kwamba inastahimili joto. Niliipanda mbele ya nyumba yetu hapa Ukunda, nikaitilia samadi, nikaitilia maji asubuhi na jioni. Mwaka wa kwanza ikatoa majani. Mwaka wa pili ikatoa majani machache zaidi, na ncha zake zikawa kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Baba watoto akaanza kuiita "wageni". Kila akirudi kazini huuliza, "Wageni wameamkaje?" Kufikia mwaka wa 2022 mmoja ulikuwa umekauka kabisa, na wa pili nikaufunga kamba ya kuanikia nguo. Ua sikuliona hata moja.

Lakini msomaji mpenzi, hasara ya shilingi 3,000 si kitu. Kinachoniuma ni kwamba mti wa maua wa aina ile ile tulikuwa nao nyumbani, bure, na tuliukata.

TUFAHA NA TOFAA

Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana. Kuna tufaha, yaani tunda la nchi za baridi lililojaa madukani. Na kuna tofaa, tunda la pwani lenye umbo la kengele au pea ndogo, ngozi nyekundu inayong'aa, nyama nyeupe yenye maji mengi, na harufu ya mbali ya waridi. Maneno yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu, tuffah. Miti yenyewe si ndugu. Mtofaa ni wa jamii moja na mkarafuu, mzambarau na mpera, na asili yake ni upande wa Malesia na visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki.

Ni mti uliosafiri sana. Mwaka wa 1793 nahodha Mwingereza William Bligh aliupeleka Jamaika kutoka Timor na Tahiti, pamoja na mishelisheli. Pwani yetu nayo ina mitofaa katika nyua za zamani, na wazee wengi wataukumbuka ukiwatajia.

Watu huukumbuka kwa tunda. Mimi naukumbuka kwa ua. Mtofaa hautoi maua kwenye ncha za matawi tu kama miti mingine. Huyatoa kwenye matawi makuu yaliyokomaa, na hata kwenye shina lenyewe, mafungu kwa mafungu. Kila ua ni rundo la nyuzi nyembamba nyingi, rangi ya waridi iliyokolea hata ikakaribia zambarau, kama kishada cha tarbushi. Nyuki huvuma humo tangu alfajiri. Kisha, baada ya siku chache, nyuzi zile huanguka zote. Chini ya mti hubaki zulia la waridi ambalo hakuna fundi wa kulifuma. Siku 60 hivi baadaye, matunda huwa yameiva. Tena mtofaa haupukutishi majani. Ni kijani mwaka mzima, na kivuli chake ni kizito.

Haya, mpe binti picha hiyo aiweke katika simu yake.

UANI KWA NYANYA

Nyanya yangu alikuwa na mtofaa katika kijiji kimoja karibu na Msambweni, baina ya jiko na kisima. Asubuhi ya zulia, sisi wajukuu tulikuwa tukikatazwa kufagia. Kwa kawaida nyanya hakuvumilia hata jani moja uani, na fagio la chelewa lilikuwa halimtoki mkononi. Lakini siku hiyo alikuwa akitoa kigoda chake, akikaa na kikombe cha chai ya tangawizi, na kutazama tu. Ilipofika adhuhuri, nyuzi zikianza kunyauka, ndipo aliposema, "Haya, fagieni." Nilikuwa na miaka saba au minane. Sikumwuliza alikuwa akitazama nini.

Nyanya alifariki mwaka wa 2014. Miaka miwili baadaye mjomba akataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha pale uani. Wakati ule machimbo ya titani ya Kwale yalikuwa yamepamba moto na wageni wa kazi wakitafuta vyumba kila mahali. Mjomba si mtu mbaya. Alitupigia simu sote, mmoja mmoja, akatuuliza. Zamu yangu ilipofika nilikuwa ofisini nikikimbizana na makala. Nikamjibu, "Fanyeni mnavyoona, mjomba. Mti ni mti tu."

Maneno hayo niliyatamka kwa kinywa changu, na hapana mwingine wa kulaumiwa. Mti uliangushwa siku mbili baadaye.

Vyumba vilijengwa na vikapata wapangaji. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, na leo viwili kati ya vinne vimefungwa kufuli. Simsemi mjomba. Nasema tu kwamba hesabu ya mti na hesabu ya kodi hazifanywi kwa kalamu moja.

MBEGU ISIYONGOJA

Baada ya "wageni" wangu kufa, niliukumbuka mtofaa nikasema, basi, nitatafuta mbegu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naomba ulisome mara mbili.

Kuna mbegu zinazongoja. Mahindi, kunde, mchicha: ukausha, unatia kwenye kopo, msimu ukifika unapanda. Mbegu ya tofaa haingoji. Ni kubwa, ya kahawia, yenye unyevu ndani, na ikikauka imekufa. Huwezi kuiweka kabatini hadi mwakani, wala huwezi kutarajia kuikuta kwenye pakiti dukani. Ghala la mbegu ya mtofaa ni mtofaa wenyewe ulio hai, umesimama uani kwa mtu. Tukikata wa mwisho katika kijiji, tumechoma na ghala pamoja.

Niliuliza Ukunda, nikauliza Kwale mjini, nikauliza kwa wauza miche. Wengi walinionyesha mimea ya mapambo ya mahoteli. Hatimaye nilikwenda Msambweni kumwamkia bi mkubwa mmoja aliyekuwa jirani wa nyanya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetukumbuka?"

Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akashika ubavu. Akaniongoza nyuma ya bafu lake la makuti. Pale palikuwa na mtofaa mkubwa, mrefu kupita paa. "Nyanya yako aliniletea matofaa nilipojifungua kifungua mimba wangu," akasema. "Nilipokwisha kula, mbegu nikaifukia hapa. Sikuitilia maji hata siku moja. Maji ya kuogea ndiyo yaliyoilea."

Kumbe mti wa nyanya haukufa wote. Ulinusurika kwa sababu mtu mmoja alipewa tunda, naye hakuitupa mbegu.

NAMNA YA KUUPANDA

Sasa tushike jembe. Ukipata matofaa yaliyoiva, fuata hatua hizi.

Kwanza, mbegu. Toa mbegu, ioshe utelezi, uipande siku ile ile au kesho yake. Matofaa mengine hayana mbegu kabisa, kwa hiyo omba matunda matano au sita, si moja. Jaza mifuko ya miche kwa udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, fungu moja la samadi kwa mafungu matatu ya udongo. Fukia mbegu kina cha sentimita mbili au tatu. Weka mifuko kivulini na udongo usikauke. Katika majuma mawili hadi manne utaona chipukizi.

Pili, mahali. Mtofaa uliokomaa huweza kufika mita 12 na kuzidi, kwa hiyo si mti wa kubana dirishani. Ukipanda miwili, iachanishe mita 8. Uwe mbali na ukuta, na mbali zaidi na shimo la choo. Mama wa Ukunda mwenye futi 30, mmoja unakutosha, nao uukae katikati. Ikiwezekana, nyumba iukinge na upepo wa kusi, kwani upepo wenye chumvi huchoma majani machanga.

Tatu, udongo, na hapa msomaji wa Diani anisikilize kwa makini. Mtofaa hukubali kichanga na hukubali mfinyanzi, lakini haupendi chokaa. Walio Shimba Hills na vijiji vya ndani wana bahati. Walio karibu na ufuo, ambako sululu hugonga mwamba wa matumbawe kabla haijazama futi moja, wana kazi. Mwamba huo ni chokaa tupu. Chimba shimo la futi tatu kila upande, toa mawe yote, ujaze udongo mweusi ulioletwa kutoka mbali na bahari, pamoja na samadi na majani yaliyooza. Kwenye udongo mzuri, futi mbili zinatosha.

Usikate tamaa kwa sababu ya matumbawe. Kule Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, Rene Haller alianza mwaka wa 1971 kupanda miti katika machimbo ya saruji yaliyobaki mwamba mtupu. Alipanda mivinje, akawaachia jongoo kazi ya kula majani yaliyoanguka, na kidogo kidogo kukawa na udongo. Leo pale ni msitu. Funzo lake kwako ni moja: usichome majani. Kila jani unalofagia lirudishe chini ya mti liwe matandazo. Lakini yasiguse shina. Acha nafasi ya upana wa kiganja, usije ukawakaribisha mchwa.

Nne, majira. Hamisha mche kutoka mfukoni masika yanapoanza, Aprili au Mei, ukiwa umefika kimo cha goti. Ukipanda Januari, jua la kaskazi litaumaliza kabla hujauzoea.

Tano, maji. Mtofaa unapenda nchi yenye mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka au zaidi, na sehemu kubwa ya pwani yetu ya kusini hupata pungufu ya hapo. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Machi ni lazima uunyweshe, angalau kwa miaka mitatu ya kwanza. Debe moja mara mbili kwa juma ni bora kuliko kikombe kimoja kila siku, kwa kuwa maji mengi huzama na kuivuta mizizi chini. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya kuogea pia, kama bi mkubwa alivyotuonyesha, mradi sabuni isiwe nyingi. Lakini onja maji ya kisima chako kwanza. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na chumvi huua mti polepole huku ukidhani unaulea. Kinga maji ya mvua paani.

Sita, subira. Mti uliotokana na mbegu huweza kukaa miaka mitano, saba au hata zaidi kabla ya kutoa maua. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo huenda akaliona zulia akikaribia kumaliza shule ya msingi. Ni muda mrefu, lakini utapita hata kama hukupanda kitu.

NA ASIYE NA NAFASI?

Najua wengi wetu tunaishi katika ploti ndogo. Usihuzunike. Pwani ina mimea mingine ya maua.

Wa kwanza ni mkilua. Huu ni mti mdogo wa kwetu hasa, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, nao hauhitaji uwanja. Maua yake, vilua, si ya kujionyesha kwa mbali. Ni ya kunusa. Akina mama huyatia katika kikuba pamoja na rehani na asumini, au huyaweka baina ya nguo. Wanafunzi, andikeni hili: mwaka wa 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoupa mti huu jina la kisayansi, jina la jenasi alilolichagua ni Mkilua. Ni Kiswahili kitupu. Wataalamu wa dunia nzima hulitamka, huku baadhi yetu hatuujui ukiwa mbele yetu.

Naomba tu, usiende kuung'oa msituni. Kaya za Wamijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo hapa Diani, zina miiko yake tangu kale, na mwaka wa 2008 kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Omba mbegu au mche kwa mwenye mti nyumbani kwake.

Wa pili ni mlangilangi, wenye maua ya kimanjano yanayonukia zaidi jua linapokuchwa. Ukiachwa hurefuka sana. Lakini Wakomoro, wanaoukamua mafuta ya manukato, huukata ncha na kuuinamisha matawi ili wachumaji wayafikie maua kwa mkono. Nawe fanya hivyo.

Wa tatu ni mkrismasi, mzaliwa wa Bukini, unaowaka mwekundu mwisho wa mwaka. Ni mzuri mno, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kupasua sakafu. Uupande mbali na nyumba, au uende ukautazame kwa jirani.

Na tahadhari moja. Ule mmea wa maua ya waridi au meupe uitwao oleanda, unaopendwa sana kwenye bustani za mapambo, una sumu tangu jani hadi mzizi. Kadhalika na ndugu yake wa maua ya njano yenye umbo la tarumbeta. Kwenye watoto wadogo na mbuzi, usiipande.

"Na tumbili je?" Nasikia ukiuliza. Ni kweli, msomaji wa Diani. Tumbili na kima watakula sehemu ya matofaa, na hutaweza kuwazuia. Mimi nimeamua kwamba ua ni langu na tunda tutagawana. Mbega nao, wale weusi wenye mabega meupe, wanahitaji miti ili wapite juu. Tangu mwaka wa 1997 kumekuwa na shirika hapa Diani linalowalinda na kuwatundikia ngazi za kamba juu ya barabara. Kila mti unaobaki uani ni hatua moja wasiyolazimika kushuka kwenye lami.

KABLA YA MSUMENO

Kwa hiyo mama wa Ukunda, jibu langu ni hili. Mti wa pichani usiulete, utakufia. Tafuta mtofaa. Ukikosa nafasi, tafuta mkilua. Wala usianzie kwa mwuza miche. Anzia kwa bi mkubwa wa mtaani, umwamkie, ukae kitako, umwulize kwao palikuwa na miti gani.

Nanyi wanafunzi mlio nyumbani leo, nawapa kazi ndogo. Mwulizeni nyanya au babu majina matatu ya miti ya maua iliyokuwa uani kwao alipokuwa na umri wenu. Kisha mwulizeni ni mingapi ingali imesimama. Majibu myaandike.

Na wewe unayetaka kujenga, sikukatazi. Watu wanahitaji vyumba na watoto wanahitaji karo. Lakini kabla msumeno haujaguswa, uliza: mti huu una mtoto mahali popote? Kama hauna, ngoja uzae kwanza. Chukua mbegu, uzipande, ugawie majirani, ndipo ukate. Hilo halimchelewishi fundi zaidi ya msimu mmoja. Laiti ningelimwambia mjomba maneno hayo siku ile, badala ya yale niliyoyasema!

Mche wangu niliupata kwa bi mkubwa, nikauhamishia pale pale walipofia "wageni", masika ya mwaka wa 2023. Sasa umempita kimo mwanangu wa pili, ambaye hupima kila Jumapili kwa kusimama ameupa mgongo. Ua bado. Nimeshanunua kigoda.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wiki yenye baraka na uani wenye kivuli.